Kweli au Si Kweli: Yanayosemwa Kuhusu Madaktari Bingwa wa Dharura

Kaa kwenye benchi la idara ya dharura kwa saa moja tu, utayasikia yote. Kwamba madaktari wako ndani wanakunywa chai. Kwamba yule aliyepitishwa sasa hivi kwa machela ana shemeji yake ndani. Kwamba foleni yote hii imeletwa na watu wenye mafua. Kwamba daktari hachoki, kakesha tangu chuoni, mwili wake umeshazoea. Bila shaka umeyasikia, na huenda baadhi umeyasema mwenyewe huku mgonjwa wako akikuegemea begani. Sikulaumu. Mtu mwenye mgonjwa hutafuta maelezo, na kutoka pale kwenye benchi sehemu kubwa ya kazi ya bingwa haionekani.

Nimeyachukua maneno hayo moja moja na kuyapima kwa tafiti zilizochapishwa na kwa jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Mengi yameanguka. Misemo miwili ya wazee imesimama imara, tena mmoja wake kwa takwimu.

"Aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza kuonwa"

Si kweli, na ingekuwa kweli watu wangefia kwenye foleni.

Foleni ya benki hufuata namba ya kufika; dharura hufuata uzito wa hali. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 200. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alihudumia majeruhi kwa ukubwa wa jeraha bila kujali cheo. Barani Afrika, mfumo unaojulikana sana ni ule wa Afrika Kusini, ulioanza kutumika Western Cape mwaka 2006 kisha ukavuka mipaka. Muuguzi wa mlangoni hupima upumuaji, mapigo ya moyo, presha, joto na fahamu, kisha humpa mgonjwa rangi. Mwenye nyekundu huhudumiwa papo hapo. Mwenye rangi ya chungwa huonwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, na wa kijani anaweza kusubiri hadi saa 4. Hospitali yako huenda inatumia rangi tatu badala ya nne, lakini mantiki ni ileile.

Kuja kwa ambulensi hakumpi mtu rangi nyekundu, na kuja kwa bodaboda hakumnyimi. Tena rangi si ya kudumu. Mgonjwa wako akianza kuhema, kuchanganyikiwa au kulegea mkiwa bado kwenye benchi, inuka ukamwambie muuguzi mara moja. Hapo huruki foleni; unampa habari anayoihitaji.

"Anayelia zaidi ndiye aliyezidiwa"

Si kweli. Wazee walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika chumba cha dharura msemo huo ni wa kweli neno kwa neno.

Anayepiga kelele ametuonyesha mambo matatu bila kupimwa: njia yake ya hewa iko wazi, mapafu yanasukuma hewa, na fahamu zipo. Mguu uliovunjika unauma vibaya sana na unastahili dawa ya maumivu haraka, lakini huyo anayelia ana nafasi. Angalia aliye pembeni yake, kijana wa ajali ileile ya bodaboda, hana hata mchubuko usoni. Kakaa kimya. Mikono baridi, anapiga miayo, ukimuuliza jina anachelewa kidogo kujibu. Huyo huenda anavuja damu tumboni, na ndiye atakayemtoa bingwa mbio upande wa pili wa chumba.

Au mzee mwenye kisukari aliyeletwa na mkwewe. Halii. Ana jasho jembamba kwenye paji la uso, anajishikashika taya, anasema ni gesi tu. Miongozo ya magonjwa ya moyo inataka mtu kama huyu afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo na karatasi yake isomwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Sasa fikiria maana yake kwa anayeisoma. Muuguzi haweki karatasi ile kwenye faili ikangoje. Anaipeleka mkononi kwa daktari mwenye uzoefu zaidi, popote alipo, afanyapo lolote. Anayeshona aache kushona, aitazame. Anayeandika dozi ya mtoto aache, aitazame. Dakika chache baadaye inakuja karatasi ya mgonjwa mwingine.

"Mshika mbili moja humponyoka"

Kweli, na imepimwa saa mkononi.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuata madaktari wa dharura kazini kwa vipindi vya dakika 180. Kwa wastani daktari alikatizwa mara 31 katika kipindi kimoja, yaani kila baada ya dakika 6 hivi. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti wa Australia uliowaangalia madaktari 36 wa dharura wakiandika dawa. Aliyekatizwa katikati ya kuandika, makosa yake yaliongezeka karibu mara tatu. Aliyefanya mambo mawili kwa wakati mmoja, yaliongezeka karibu mara mbili. Waliokuwa wamelala chini ya wastani, makosa yao ya kitabibu yalizidi zaidi ya mara kumi na tano. Hiyo tarakimu ya mwisho imetoka kwenye kundi dogo, nami nisingeishikilia kama ilivyo, lakini mwelekeo wake hauna utata.

Na kosa la kuandika dawa si jambo la mbali. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake. Nukta ya desimali ikisogea nafasi moja, mtoto anapata mara kumi ya alichostahili, au sehemu moja ya kumi yake. Daktari anayepiga hesabu hiyo kwa kalamu pembeni ya faili anahitaji sekunde 30 za kuachwa. Ndizo sekunde ambazo mjomba, shangazi na jirani huingia mmoja baada ya mwingine kuuliza swali lilelile. Hawana nia mbaya, wana hofu. Lakini gharama yake inampata mgonjwa, na mara nyingine ni mgonjwa wao wenyewe.

"Foleni imeletwa na watu wa mafua"

Si kweli kwa sehemu kubwa. Huu ndio uzushi ninaotamani sana uzikwe, kwa sababu hata viongozi huurudia, na ukiuamini utatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2007, kwenye idara 110 za dharura. Watafiti walitaka kujua: wakija watu kumi wenye matatizo madogo ndani ya saa 8, wengine wanacheleweshwa kiasi gani? Jibu lilikuwa dakika 5.4 kwa wastani katika muda wote wa mgonjwa kukaa idarani, na dakika 2.1 katika kusubiri kumwona daktari. Mtu wa mafua hahitaji kitanda, hahitaji oksijeni, hahitaji wauguzi watatu. Anaonwa, anapewa cheti cha dawa, anaondoka.

Basi foleni inatoka wapi? Inatoka ndani. Mlango wa kuingilia uko wazi, wa kutokea umeziba. Mgonjwa amepokewa, amepimwa, ametulizwa, imeamuliwa alazwe wodini au ICU, yaani chumba cha mahututi. Kitanda huko juu hakuna. Anabaki dharura saa sita, kumi na mbili, pengine siku nzima. Kitanda alicholalia ndicho ambacho wewe ulitakiwa uwekwe.

Tazama kwa karibu kinachofuata. Mgonjwa wa jeraha la kichwa ameshawekewa mrija wa hewa kooni. Mashine za kupumulia zote zina watu. Kinachobaki ni mfuko wa mpira ambao wauguzi huuita ambu. Mtu anasimama kichwani pa kitanda na kuubana kwa mkono. Mtu mzima anahitaji pumzi moja kila sekunde 5 au 6. Kwa hiyo mkono unabana, unaachia, unahesabu, unabana tena. Muuguzi mmoja kafungwa pale. Akichoka anampokeza daktari mtarajali, naye kafungwa. Bingwa analazimika kurudi kila mara kuangalia presha ya mgonjwa huyo, kurekebisha dawa ya usingizi, kupiga simu ICU kwa mara nyingine kuuliza kama kuna aliyetoka. Kwa wakati huo yeye ni daktari wa ICU isiyo na vifaa vya ICU, ni daktari wa wodi kwa waliokosa wodi, na bado mlangoni wagonjwa wapya wanaingia. Huo ndio mzigo wenyewe, na watu wa mafua hawamo.

Kenya iliuona ukweli huu kwa uchungu Oktoba 2015, pale majeruhi mmoja wa ajali alipokaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 jijini Nairobi akizungushwa hospitali hadi hospitali, kitanda cha ICU kikikosekana. Alifariki. Nchi nzima ilijadili ambulensi na malipo ya awali, na ilikuwa sawa kujadili hayo. Lakini penye vitanda vichache vya mahututi kuliko mahututi, hata ambulensi nzuri kuliko zote huishia kuegeshwa uani.

Uingereza, yenye hospitali tajiri kuliko zetu, imelipima jambo hili kwa vifo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa kila wagonjwa 82 waliocheleweshwa kupelekwa wodini zaidi ya saa 6 hadi 8, kulitokea kifo kimoja cha ziada ndani ya siku 30. Kusubiri kitanda kunaua, na kunaua kwa idadi inayohesabika.

Je, uende dharura kwa sababu ya mafua? Hapana. Kituo cha afya kilicho jirani kitakuhudumia mapema zaidi, na hutakaa masaa katikati ya wagonjwa wa kila namna. Fanya hivyo kwa faida yako. Usifanye kwa kuaminishwa kwamba wewe ndiye uliyemchosha daktari.

"Ukifika dharura, bingwa ndiye atakayekupokea"

Si kweli. Wa kwanza kukuona ni muuguzi, kisha tabibu, daktari mtarajali au daktari anayesomea ubingwa. Bingwa, akiwepo kwenye zamu hiyo, anawasimamia wote hao. Anaitwa kwenye vitanda vya mahututi, anapitia maamuzi ya wadogo zake, anapokea simu za rufaa kutoka hospitali za chini, anaamua kati ya wawili nani aende chumba cha upasuaji kwanza, na juu ya hayo anafundisha. Unaweza kutibiwa ukaruhusiwa bila kumwona, kumbe uamuzi wa kukuruhusu ulipita kwake.

Wengi pia hudhani bingwa wa dharura ni daktari yeyote aliyepangiwa kukaa pale. Huu ni ubingwa kamili, ila ni mchanga. Marekani iliutambua rasmi mwaka 1979. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwasomesha mabingwa wa fani hiyo kwa miaka 3. Kundi la kwanza lilihitimu 2013. Yaani kuna wahasibu, walimu na mafundi wengi wenye uzoefu mrefu kazini kuliko bingwa mkongwe zaidi wa dharura aliyesomea hapo. Hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki hazina hata mmoja, na anayeshika mlango ni daktari wa kawaida aliyejifunza kazi hii kwa kuifanya.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2006 kwamba Afrika inabeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani ikiwa na asilimia 3 tu ya wahudumu wa afya. Tangu hapo wahudumu wameongezeka, na watu tumeongezeka pia.

"Madaktari wameshazoea kukesha"

Si kweli kabisa. Hakuna mwanadamu anayezoea kukosa usingizi. Anachozoea ni kujiona mzima wakati si mzima.

Chukua daktari aliyeamka saa 12 asubuhi akaingia zamu ya saa 24. Ikifika saa 5 usiku amekuwa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha kwenye jarida la Nature ulinganisho wa watu waliokosa usingizi na waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, umakini ulishuka sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho Australia yenyewe inakifanya kuwa mwisho wa kuendesha gari. Baada ya saa 24 ulifikia takriban asilimia 0.10, juu ya kile kinachoruhusiwa hata Uingereza. Daktari wetu anafika hapo saa 12 asubuhi, akiwa bado na saa mbili kabla ya kukabidhi zamu, na hapo ndipo huletwa majeruhi wa mabasi yaliyotembea usiku.

Kuhusu kuzoea hasa, jibu lilipatikana Pennsylvania mwaka 2003. Watu waliolala saa 6 kila usiku kwa siku 14 walifikia hali ya mtu aliyekesha usiku mzima, na walioruhusiwa saa 4 wakafikia ya aliyekesha siku mbili. Walipoulizwa walijisikiaje, walisema wamechoka kidogo tu. Uwezo uliendelea kushuka, hisia ya uchovu ikasimama. Hiyo ndiyo hatari ya kumuuliza daktari "unaweza kuendelea?" Atajibu ndiyo, na atakuwa mkweli kwa kadiri anavyojisikia.

Hospitali moja ya Boston iliwapanga madaktari wake watarajali wa ICU kwa mitindo miwili ya zamu. Matokeo yalichapishwa 2004: katika zamu za kimapokeo, zenye mikesha ya saa 24 na zaidi, makosa makubwa yalizidi kwa asilimia 36. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa watarajali 2,737 kote Marekani ulionyesha kwamba daktari anayeendesha gari kurudi nyumbani baada ya zamu ndefu ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata ajali. Daktari anayeokoa majeruhi wa barabarani usiku kucha anaweza kurudishwa asubuhi kwa machela.

"Daktari anayelala zamuni ni mzembe"

Si kweli, maadamu kuna aliyeshika nafasi yake. Utafiti wa mwaka 2006 uliwapa madaktari na wauguzi wa dharura usingizi wa dakika 40 saa 9 usiku. Asubuhi walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini kuliko wenzao waliokesha mfululizo. Zamu iliyopangwa vizuri huweka usingizi huo kwenye ratiba. Ukipita saa 9 usiku ukaona daktari kajilaza kwenye kiti huku mwenzake akizunguka vitandani, umeona hospitali inayojua inachofanya.

"Basi dawa ni kupunguza saa za zamu"

Kweli nusu. Hapa naomba utulivu wako, maana nusu ya pili ndiyo inayosahaulika.

Mwaka 1984 msichana wa miaka 18 alifariki hospitalini New York chini ya uangalizi wa madaktari wanafunzi waliokuwa na wagonjwa wengi na usingizi mchache. Kesi yake iliifanya New York mwaka 1989 kuweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na zisizidi 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawa cha Marekani nzima. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, wastani wa saa 48 kwa wiki.

Kisha mwaka 2020 ukatoka utafiti uliowashangaza hata wanaopigania zamu fupi. ICU sita za watoto ziliondoa zamu zinazozidi saa 16. Badala ya makosa kupungua, yakaongezeka. Kwa nini? Walipochambua waliona kwamba saa zilipunguzwa bila kuongeza madaktari wa kutosha. Daktari aliyekuwa na wagonjwa 6.7 kwa wastani sasa alikuwa na 8.8. Tofauti hiyo ya wagonjwa ilipoingizwa kwenye hesabu, ongezeko la makosa likatoweka.

Soma tena hapo, kwa sababu jambo hilo linaihusu kila wizara ya afya. Ukimpa daktari usingizi kwa mkono mmoja ukamwongezea wagonjwa kwa mkono mwingine, hujafanya kitu. Idadi ya wagonjwa kwa daktari mmoja ina uzito sawa na idadi ya saa.

Halafu zamu fupi huleta makabidhiano mengi. Asubuhi timu inayotoka na inayoingia husimama kitanda kwa kitanda: huyu amepewa nini, anasubiri kipimo gani, nini kikitokea tufanye nini. Jambo moja likisahaulika, matokeo ya damu hukaa maabara bila wa kuyauliza. Hospitali tisa za Amerika Kaskazini zilifundisha makabidhiano yenye mpangilio maalumu, na mwaka 2014 zikaripoti makosa yamepungua kwa asilimia 23 na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kwa hiyo ukiwaona madaktari kumi wamekizunguka kitanda saa 2 asubuhi wakizungumza, usiseme wanapiga soga.

"Usiku wa mwezi mpevu dharura hufurika" na "usitamke kwamba leo kumetulia"

Si kweli, yote mawili. La kwanza utaambiwa hata na wahudumu wenyewe. Watafiti wa Marekani walihesabu wagonjwa 150,999 waliofika dharura kwa miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 1996: usiku wa mwezi mpevu haukutofautiana na mwingine. La pili lilijaribiwa na timu ya maabara ya vijidudu nchini Uingereza mwaka 2019. Siku nyingine walitamka wazi kwamba leo kutakuwa kimya, siku nyingine hawakutamka. Kazi ilikuwa ileile.

"Madaktari ni wachache kwa sababu waliosoma ni wachache"

Si kweli tena. Ilikuwa kweli zamani. Leo, Kenya na Tanzania zote zina vijana wenye shahada za udaktari ambao wako nyumbani wakisubiri ajira au nafasi ya utarajali, huku mwenzao mmoja akishika mlango wa dharura usiku peke yake. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Machi 2024 na kudumu siku 56 ulikuwa na mambo mengi, na mojawapo kubwa lilikuwa hawa watarajali. Makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya kiasi hicho, na kila upande una hesabu zake. Lakini usikubali tena kuambiwa kwamba watu wa kuajiriwa hawapo. Wapo, wanajulikana kwa majina na namba za usajili. Kinachokosekana ni bajeti ya kuwaajiri na uamuzi wa kuipanga.

Na wanaobaki kazini huchakaa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012, ukihusisha madaktari zaidi ya 7,000 wa fani zote, uliwakuta madaktari wa dharura wakiongoza kwa uchovu wa kazi uliopitiliza: takriban 65 kati ya kila 100. Kama hali ni hiyo penye mashine, vitanda na mabingwa wengi, sidhani yupo atakayeshangaa akielezwa hali ya bingwa wetu.

Sasa nina ombi kwako, msomaji. Siku utakayompeleka mgonjwa dharura, chagueni ndugu mmoja awe msemaji, wengine wapate habari kwake. Bebeni dawa zote anazotumia ndani ya mfuko, na mjue ameanza kuugua lini na ana mzio wa nini. Daktari akiwa anaandika dozi, msubiri anyanyue kichwa. Na mbunge, mwakilishi wa wadi au diwani akija kuwaambia kwamba foleni ya hospitali italetewa ufumbuzi, muulizeni maswali mawili hadharani: hospitali hii ina vitanda vingapi vya mahututi, na daktari mmoja wa dharura anashika wagonjwa wangapi usiku? Msikubali jibu lisilo na namba.